Kwa Nini Spika Haioni Muziki? Historia ya Mbiu Inayopigwa Ndani ya Nyumba Yako

Umewahi kukaa mbele ya spika ya Wi-Fi, umeme upo, mtandao upo, nyimbo zipo, na bado hakuna kinachosikika? Redio ya zamani ikigoma ulijua pa kuanzia: betri, antena, kofi moja ubavuni. Hii ya kisasa haina hata pa kupiga kofi. Unazima, unawasha. Unafuta programu kwenye simu, unaipakua upya. Saa ya tatu unaanza kuulaumu mtandao kwa jumla, kama vile mtandao ni mtu mmoja mwenye roho mbaya.

Leo nataka nikueleze kwa nini mara nyingi kitu kinachogoma si muziki wala spika. Kinachogoma ni tabia moja ya mitandao yenye umri wa zaidi ya miaka 50, na ukiijua historia yake unaweza kulimaliza tatizo kwa dakika kumi. Mimi nilitumia usiku mzima, maana historia yenyewe niliikumbuka kwa kuchelewa.

Ilikuwa nyumbani kwetu Tabata, likizo ya Desemba. Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Mwaka 1988 alibeba redio kaseti hadi Kilwa akamrekodi mama yake, yaani bibi yetu, akiimba huku anasuka ukili. Kanda ziko 23. Bibi alishatangulia mbele ya haki, na Baba mwenyewe sasa presha ya macho imemla, skrini ya simu kwake ni mwanga tu. Kwa hiyo nilizihamisha kanda kwenye kompyuta moja baada ya nyingine (kanda ya dakika 60 inataka dakika 60, hapo hakuna ujanja), nikaziweka kwenye kakompyuta kadogo kenye ukubwa wa pakiti ya sigara, nikakachomeka kwa waya kwenye ruta ya sebuleni. Chumbani kwa Baba nikaweka spika ya Wi-Fi. Yeye anasema anachotaka kusikia, aliye karibu anachagua kwenye simu, Bibi anaimba.

Mfumo ulifanya kazi miezi minne bila neno. Kisha Jumamosi moja usiku ukakata. Na Jumapili asubuhi walikuwa wanakuja shangazi zangu wawili kutoka Kilwa, ambao sauti ya mama yao hawajaisikia tangu azikwe.

"Bando limeisha?" Baba aliuliza.

"Hapana Baba, hii haitumii bando. Muziki unatoka sebuleni unakuja chumbani, hauendi nje ya nyumba."

"Sasa kama hauendi mbali, unapotelea wapi?"

Swali zuri kuliko alivyojua. Nilikwenda sebuleni na simu yangu. Programu ikaonyesha maktaba ya kanda zote, Bibi yupo, lakini spika haipo kwenye orodha. Nikarudi chumbani kwa Baba. Sasa spika ipo, maktaba haipo! Nikarudi sebuleni: maktaba ipo, spika hakuna. Simu ileile, nyumba ileile, Wi-Fi yenye jina lilelile. Kila nikitembea hatua kumi na tano dunia inabadilika.

Shika dalili hiyo, tutaihitaji baadaye. Kwanza twende California.

Tarehe 22 Mei 1973, Bob Metcalfe wa maabara ya Xerox PARC aliandika waraka wa ndani kuhusu namna ya kuunganisha kompyuta za ofisini. Alikuwa amesoma kuhusu ALOHAnet, mtandao wa Chuo Kikuu cha Hawaii ulioongozwa na Norman Abramson, ambao tangu 1971 uliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Redio ina tabia moja: ukisema, wote walio kwenye masafa hayo wanakusikia. Metcalfe alichukua tabia hiyo akaiingiza ndani ya waya. Waya mmoja mnene unapita jengo zima, kila kompyuta inaning'inia humo, na pakiti ikitumwa inawafikia wote. Kila mmoja anaangalia anwani iliyoandikwa juu. Kama si yake, anaitupa. Aliuita Ethaneti, kwa jina la etha, ile hewa ya kufikirika ambayo wanafizikia wa karne ya 19 waliamini kwamba ndiyo inabeba mwanga. Etha yenyewe haipo, lakini jina limebaki kwenye waya ulio nyuma ya ruta yako.

Angalia maana yake. Katika mtandao wa namna hiyo, kutafutana hakuna gharama. Kompyuta mpya ikitaka kujua nani yupo, inapiga mbiu: "Jamani, nani ana printa?" Wote wanasikia, mwenye printa anajibu. Kijijini mambo yalikwenda hivyohivyo. Mpiga mbiu hakuhitaji orodha ya nyumba, alihitaji koo zuri na kijiji kisiwe kikubwa sana.

Waliotumia vizuri uhuru huu ni Apple. Mwaka 1985 walitoa AppleTalk pamoja na printa yao ya LaserWriter. Mtu wa kawaida aliunganisha waya, akafungua kidirisha kilichoitwa Chooser, akaiona printa kwa jina. Hakuna kuandika namba, hakuna fundi. Leo tunaliona hilo jambo dogo, lakini ilichukua zaidi ya miaka 15 kulirudisha baada ya kupotea.

Lilipoteaje? Itifaki ya intaneti, IP, ilishinda. Na IP ilizaliwa kwenye vyuo na taasisi zenye wasimamizi wa mitandao. Kule kila mashine ilipewa namba na msimamizi, na majina yaliandikwa kwenye mfumo wa majina ambao nao una mtu wa kuutunza. Nyumbani kwako msimamizi ni nani? Ni mdogo wako mwenye bando la usiku. IP ilipoingia majumbani miaka ya 1990 ilikuja bila mbiu nzuri ya kutafutana, na watu wakaanza kuandika namba kwa mkono.

Wakati huohuo ule waya mmoja ulikuwa unakatwakatwa, na hapa ndipo penye chanzo cha matatizo mengi unayoyaona leo.

Ukiwa na kompyuta mia kwenye waya mmoja, zinagongana kama daladala kwenye mzunguko bila trafiki. Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni swichi ya mtandao: kampuni ya Kalpana ilitoa ya kwanza ya Ethaneti mwaka 1990, na Cisco wakainunua kampuni hiyo 1994. Swichi inajifunza nani yuko tundu gani, kisha inapeleka pakiti kwa mlengwa peke yake. Ya pili ni ruta, inayotenganisha kabisa mtandao mmoja na mwingine, kama ukuta wenye geti na mlinzi. Mlinzi huyu ana sheria: mwenye barua yenye anwani anapita, mpiga mbiu hapiti. Lazima iwe hivyo. Bila sheria hiyo, kila printa duniani ingejitangaza kwa kila kompyuta duniani.

Mtu aliyeumizwa na sheria hiyo mapema alikuwa Steve Deering, mwanafunzi wa udaktari pale Stanford. (Ndiyo, mwanafunzi kama sisi. Inatia moyo kidogo.) Kundi lake, chini ya David Cheriton, lilitengeneza mfumo ambao kompyuta nyingi zinashirikiana kama moja, na zilikuwa zinatafutana kwa mbiu ya Ethaneti. Mfumo ulipotakiwa kuvuka ruta na kufika sehemu nyingine ya chuo, mbiu ikaishia getini. Deering akajiuliza: je, kuna njia ya katikati, kati ya kumwambia mmoja na kuwapigia kelele wote?

Jibu lake tuliite mbiu ya kikundi. Kunakuwa na anwani ambayo si ya mashine yoyote. Ni ya kikundi. Mashine inayotaka kusikia inajiunga, isiyotaka haisumbuliwi, na anayetuma anatuma mara moja tu bila kujua wasikilizaji ni wangapi. Rasimu ya kwanza yeye na Cheriton waliitoa 1985, na waraka uliokuja kuwa kiwango, RFC 1112, ukatoka 1989. Tangu hapo anwani zote zinazoanza na 224 hadi 239 ni za vikundi. Ndani ya mfumo huo kuna itifaki ndogo inaitwa IGMP, ambayo mashine huitumia kumwambia ruta, "Mimi nipo kwenye kikundi fulani, usinisahau." Likumbuke hilo neno, usinisahau.

Na kazi ya kwanza iliyoipa sifa mbiu ya kikundi ilikuwa sauti. Machi 1992, mkutano wa wahandisi wa intaneti mjini San Diego ulirushwa kwa sauti kwa wenzao waliokuwa sehemu mbalimbali za dunia kwa njia hii, na kutoka hapo ukakua mtandao wa majaribio ulioitwa MBone. Juni 1993 bendi ya wanasayansi wa kompyuta iitwayo Severe Tire Damage ilipiga muziki pale Xerox PARC, nyumbani kwa Ethaneti, na muziki ukaenda moja kwa moja hewani kupitia MBone. Inahesabiwa kuwa bendi ya kwanza kupiga mubashara kwenye intaneti. Mpiga ngoma wao alikuwa Mark Weiser, mwanasayansi aliyetabiri kwamba kompyuta zitatapakaa kwenye kila kitu mpaka tusizione. Novemba 1994 Rolling Stones nao wakarusha sehemu ya onyesho lao la Dallas kwa njia hiyohiyo, na wale wanasayansi, kwa kuwa MBone ilikuwa wazi kwa yeyote, wakajipenyeza na kupiga nyimbo zao kabla ya Stones kupanda jukwaani. Bendi ya mtaani imewatangulia Rolling Stones na hakuna wa kuwazuia!

Ungedhani baada ya hapo dunia nzima ingesikiliza muziki kwa mbiu ya kikundi. Haikuwa hivyo. Makampuni ya intaneti hayakuona faida yake: inazipa ruta kazi ya kukumbuka vikundi, ni ngumu kuitoza pesa, na kama ulivyoona, yeyote anaweza kujipenyeza. Huduma kubwa za muziki za leo zinamtumia kila msikilizaji nakala yake peke yake, hata kama mnasikiliza wimbo mmoja kwa pamoja mtaa mzima. Ni uharibifu, lakini unahesabika na unalipiwa.

Mbiu ya kikundi ikarudi nyumbani. Kihalisi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu walianza kuwa na kompyuta mbili tatu ndani, nyimbo za MP3 zimejaa, na spika nzuri iko chumba kingine. Mwaka 1999 yalitokea mambo mawili. Makampuni yakiwemo Microsoft yalianzisha umoja wa kuandaa UPnP, mpango wa vifaa kutambuana vyenyewe. Upande wa pili wahandisi wa intaneti wakaunda kikundi cha kazi cha kurudisha ule urahisi wa AppleTalk ndani ya IP. Mmoja wa waliolipigania sana jambo hilo ni Stuart Cheshire wa Apple. Matunda yake yalitoka 2002 kwa jina Rendezvous, likabadilishwa kuwa Bonjour 2005 baada ya mgogoro wa alama ya biashara. Leo sehemu yake kuu tunaijua kama mDNS.

Pande zote mbili zilichagua mbiu ya kikundi ya Deering. UPnP inapiga mbiu kwenye anwani 239.255.255.250, poti 1900. mDNS inapiga kwenye 224.0.0.251, poti 5353. Namba hizi si za kukariri, ila ukiziona mahali usitishike: ni majina ya baraza mbili ambazo vifaa vya nyumbani hukutana.

Na wote wawili, kwa makusudi kabisa, walihakikisha mbiu haitoki nje ya nyumba. Kundi la anwani zinazoanza na 224.0.0 haliruhusiwi kuvuka ruta yoyote, na ujumbe wa UPnP hupewa uhai wa kuvuka ruta chache mno. Walikuwa na sababu. Desemba 2001, miezi michache tu baada ya Windows XP kutoka, iligundulika kasoro kwenye UPnP yake iliyomwezesha mtu wa mbali kuiteka kompyuta. Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya Rapid7 walipita intaneti nzima wakauliza swali la UPnP, wakajibiwa na anwani zaidi ya milioni 80. Yaani spika, ruta na kamera za watu zilikuwa zinaitika mbiu ya mgeni barabarani. Kuanzia hapo mafundi wengi wakiona neno UPnP kwenye ruta wanalizima bila kuuliza, na pengine aliyekufungia ruta yako alifanya hivyo. Kwa bahati nzuri kile kitufe cha UPnP cha kwenye ruta kwa kawaida kinahusu kufungua milango ya kwenda nje. Kukizima hakuizuii spika kuiona maktaba ya ndani.

Kuhusu spika zenyewe nitapita haraka, ingawa zina historia tamu. Mwaka 2001 kampuni ndogo ya Slim Devices ilitoa SLIMP3, kisanduku kilichocheza MP3 kutoka kwenye kompyuta ya ndani, na programu yake ya seva ikiwa huru kwa yeyote kuisoma na kuirekebisha. Vizazi vyake viliitwa Squeezebox. Logitech wakainunua kampuni 2006, wakaacha kutengeneza vifaa 2012, na 2024 wakafunga huduma yao ya mtandaoni. Visanduku vingi bado vinaimba mpaka leo, kwa sababu seva iko nyumbani kwa mtu na wapenzi wake wanaendelea kuitunza. Kwa upande wangu hilo ndilo lililonifanya nisiziweke kanda za Bibi kwenye huduma ya kulipia kwa mwezi.

Mwaka 2002 UPnP ilipata mgawanyo wa kazi ambao spika nyingi zinaufuata hadi sasa: kuna maktaba inayotunza nyimbo, kuna mchezaji anayezipiga, na kuna kiongozi, ambaye kwa kawaida ni simu. Hapa wengi wanakosea. Muziki haupiti kwenye simu. Simu ni kama mshenga; inawakutanisha maktaba na spika, inamwambia spika "nenda kachukue wimbo fulani kwa fulani," halafu inakaa pembeni. Kwa hiyo simu kuiona maktaba hakutoshi, na simu kuiona spika hakutoshi. Spika nayo lazima iweze kuifikia maktaba kwa miguu yake.

Sasa rudi na mimi Tabata, saa saba usiku.

Nilifungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu nikiwa sebuleni. Anwani yangu: inaanza na 192.168.0. Nikatembea mpaka chumbani kwa Baba. Anwani yangu: 192.168.1. Nikasimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Mdogo wangu alilalamika wiki nzima kwamba Wi-Fi haifiki vyumba vya nyuma. Jumamosi jioni akanunua ruta ya pili Kariakoo, akavuta waya kutoka ruta ya sebuleni, akaipa jina lilelile na neno la siri lilelile ili asitusumbue. Kazi safi. Ila ile ya pili ni ruta kamili. Imejenga ukuta wake na geti lake katikati ya nyumba, ikaanza kugawa anwani zake yenyewe. Spika ya Baba, iliyokuwa inapata mawimbi dhaifu kutoka sebuleni, ikasikia jina inalolijua lenye nguvu zaidi, ikahamia huko bila kuaga. Maktaba ikabaki upande wa pili wa ukuta. Simu yangu ilikuwa inavuka mpaka kila nikipita koridoni, na kila upande ikasikia mbiu za upande huo tu.

Ruta za majumbani zinaficha nyumba nzima nyuma ya anwani moja. Mbinu hiyo ilielezwa 1994 kwenye waraka uliosema wazi kuwa ni suluhisho la muda mfupi, wakati anwani za intaneti zilipoanza kuonekana hazitatosha. Suluhisho la muda mfupi lina zaidi ya miaka 30 sasa, na mdogo wangu alikuwa ameweka mawili moja nyuma ya jingine.

Nilihakikisha kwa jaribio moja, nalo nakushauri ulifanye kabla ya kufuta programu yoyote. Nikiwa chumbani kwa Baba nilifungua kivinjari cha simu nikaandika namba ya ile kompyuta ndogo ya sebuleni, herufi kwa herufi. Ukurasa wake ukafunguka! Barua yenye anwani ilipita geti, mbiu haikupita. Ukipata matokeo kama hayo, yaani kwa namba kinafunguka lakini kwenye orodha hakionekani, basi muziki wako ni mzima, seva ni nzima, na unachotafuta ni mahali mbiu inapokatwa. Ukurasa usipofunguka hata kwa namba, hapo kagua seva yenyewe: imewaka? Ina anwani? Anwani inayoanza na 169.254 ni ya kujipa yenyewe. Ina maana kifaa kiliomba anwani kwa ruta na hakuna aliyekijibu.

Niliamua kutoigusa spika. Niliingia kwenye ruta ya pili nikazima ugawaji wake wa anwani, nikaipa namba isiyogongana na ya kwanza, kisha nikachomoa ule waya wa mdogo wangu kwenye tundu la rangi tofauti, lile la intaneti, nikauchomeka kwenye tundu la kawaida la pembeni yake. Hapo ruta inaacha kuwa geti, inabaki kuwa swichi yenye antena. Ruta nyingi za sasa zina chaguo la kufanya hivyo kwa kubonyeza mara moja, lakini ya kwetu ilikuwa ya bei chee.

Si kila nyumba itakuwa na ukuta wa wazi namna hiyo. Kuna ugonjwa mwingine ambao unachosha zaidi, maana unakuja na kuondoka. Spika inaonekana ukiiwasha, inaimba vizuri, kisha baada ya dakika nne hivi inatoweka kwenye orodha. Unazima, unawasha, inarudi, inatoweka tena. Hapa rudi kwenye lile neno, usinisahau. Swichi nyingi za kisasa husikiliza ujumbe wa IGMP ili zipeleke mbiu ya kikundi kwa wanachama tu. Mpango mzima unategemea awepo mmoja wa kuuliza kila mara, kwa kawaida kila sekunde 125, "Nani bado yupo?" Nyumbani mara nyingi hakuna anayeuliza. Swichi ikimaliza sekunde 260 bila kusikia uthibitisho (mara mbili ya 125, ongeza 10 za kusubiri jibu), inamfuta mwanachama. Spika haijafa. Imefutwa kwenye daftari. Ukiona dakika nne na sekunde ishirini zinajirudia, tafuta kwenye mipangilio neno IGMP, kisha ama uwashe muulizaji ama uzime huo usikilizaji. Nyumba yenye vifaa kumi haihitaji uchujaji wote huo.

Kichekesho ni kwamba baraza ya mDNS, ile ya 224.0.0.251, imo kwenye kundi ambalo swichi zinashauriwa zisilichuje. Ndiyo maana unaweza kukuta printa inaonekana saa zote huku spika ya UPnP inapotea, na wewe unailaumu spika.

Wi-Fi nayo ina lake. Barua ya kawaida hewani huthibitishwa: isipofika, inatumwa tena. Mbiu haithibitishwi, na hutumwa kwa kasi ndogo ili hata aliye mbali asikie, kwa hiyo inakula muda wa hewa wa kila mtu. Watengenezaji wa ruta, kwa nia njema, wakaanza kuipunguza, kuigeuza au kuizuia. Tatizo limekuwa kubwa kiasi kwamba 2021 wahandisi wa intaneti walitoa waraka mzima, RFC 9119, kueleza shida za mbiu ya kikundi kwenye mitandao isiyo na waya. Na Wi-Fi ya wageni kwa kawaida inazuia vifaa kuonana kabisa. Kama spika yako umeiunga huko, utaitafuta mpaka kesho.

Saa tisa kasoro usiku nilichagua kanda ya saba nikiwa koridoni, pale pale mpakani. Sauti ikatoka chumbani kwa Baba, kubwa kuliko nilivyotaka, maana nilikuwa nimeipandisha mwanzoni wakati nahangaika. Kwanza kuku, kisha kikohozi, kisha Bibi.

Baba hakuwa amelala. "Kumbe ilikuwa wapi?" akauliza.

"Ilikuwa sebuleni muda wote, Baba. Walikuwa hawasikiani."

"Mdogo wako usimgombeze," akasema. "Punguza sauti, majirani wamelala. Usizime."